Miti Mia Mbili na Arobaini

Nilipomwona kaka yangu anakatiza uwandani kwa mwendo wa haraka, dumu la maji mkono wa kulia na dumu jingine mkono wa kushoto, nilidhani kuna nyumba inaungua. Niligeuka kutafuta moshi. Hakukuwa na moshi. Kulikuwa na jua la mwezi wa pili, nyasi zilizokauka mpaka zikafanana na kamba kuukuu, na miti yangu mia mbili na arobaini, haijafika hata magotini, imesimama kwa safu kama watoto wa shule kabla ya kengele. Kaka alifika kwenye mti wa kwanza wa safu ya kwanza, akainama, akaumwagilia taratibu, akahamia wa pili.

"Kaka, maji ya nini?"

"Ya miti. Kwani ulidhani nimekuja kuoga?"

Mtu huyu ndiye aliyetamka mbele ya ukoo mzima kwamba uwanda ule ukishika moto hatatema hata mate kuuzima. Miezi mitano haikuwa imepita. Sasa alikuwa amepiga magoti ndani ya suruali yake ya kazini, aliyoishona mwenyewe, yenye mkunjo wa pasi unaoweza kukata mkate, anapapasa udongo kuona kama maji yamefika mzizini.

Imepita miaka tisa. Nimeusimulia mkasa huu mara nyingi, na kila mara naanza hapo kwenye madumu, kwa kuwa yote yaliyofuata yalinichanganya lakini hayo ndiyo yaliyotangulia kunichanganya. Watu hunisikiliza mpaka mwisho, halafu huniuliza: sasa hapo mbaya alikuwa nani? Mimi hushika kiuno, nikatafuta jibu, nikakosa. Wengine huondoka wakidhani nawaficha.

Baba yetu alikuwa fundi nguo. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara: cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na harufu ya pasi iliyopita juu ya kitambaa kibichi. Alishona hapo miaka arobaini na mmoja. Zaidi ya duka alikuwa na uwanda, eka nane pale mtaa unapoishia, nyuma ya ghala la saruji. Ni nyasi tu, vichuguu vichache, njia nyembamba ya watembea kwa miguu, na mbingu. Aliurithi akiwa kijana. Hakuulima, hakuujenga, hakuukodisha. Jioni akishafunga duka alichukua kigoda, akaenda kukaa katikati ya nyasi zile saa nzima, kisha akarudi kula.

Mama, Mungu amrehemu, kuna wakati alimtuma shangazi yetu amfuate kwa siri. Mwanaume anayetoka kila jioni na kurudi amechangamka hawezi kuaminiwa hivi hivi. Shangazi alijibanza nyuma ya ghala mpaka siafu wakampanda. Alirudi akijikuna, akasema, "Wifi, mumeo hana mwanamke. Ana wazimu." Basi nyumbani kwetu likawa jambo la kawaida: Baba ana wazimu wake wa jioni, na asubuhi anaendelea na kazi.

Mwaka mmoja kabla hajafariki alikwenda kwenye ofisi ya Amana ya Ardhi, akaweka saini. Amana ni shirika la mkoa mzima linalolinda ardhi ambayo bado haijajengwa. Mwenye ardhi anabaki nayo na watoto wake wanairithi, ila haki ya kujenga na kukata viwanja anaikabidhi Amana, nao wanaishika bila kuitumia, ili asije akatokea mtu mwingine wa kuitumia. Milele. Neno hilo lilikuwa limepigwa chapa kwenye karatasi kama vile ni tarehe ya kawaida.

Tulisomewa karatasi hizo sebuleni, wiki mbili baada ya mazishi. Kaka aliinua mkono kama yuko darasani.

"Uwanda ni wetu?"

"Ni wenu," akajibu mwanasheria aliyetusomea.

"Tunaweza kujenga?"

"Hapana."

"Hata chumba kimoja?"

"Hata choo."

Kaka akatutazama mmoja mmoja. "Basi Baba ametuachia suruali isiyo na mahali pa kupitisha miguu."

Ukoo ukaangua kicheko ndani ya msiba. Yeye hakucheka. Alikuwa na watoto wanne na mke katika vyumba viwili vya kupanga nyuma ya duka, na kwa miaka yote alipokuwa akishona bega kwa bega na Baba alijua moyoni kwamba siku moja atajenga pale uwandani. Alikuwa hata na mchoro wa nyumba, ameuchora kwa chaki ya fundi kwenye karatasi ya kukatia. Mimi nilisimama upande wa Baba. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mimi niliyekuwa na nyumba yangu ndogo kando ya kitalu changu cha miche niliuona mzigo wa kaka mwepesi kabisa. Nikasema Baba alikuwa na sababu zake.

"Zipi?" kaka akauliza. "Nitajie moja."

Niliizungukazunguka, nikasema hewa, nikasema vizazi vijavyo, maneno niliyoyaokota redioni.

"Ningekuelewa kama pangekuwa na kitu," akasema. "Pale hapana kitu, mdogo wangu. Hapana kitu!"

Nilirudi na maneno hayo kitaluni, nikalala nayo, nikaamka nayo. Nilipokwenda uwandani kutazama nikaona, kusema ule ukweli, kwamba ana haki. Nyasi, mifuko ya plastiki iliyonasa kwenye nyasi, na nyasi tena. Niliona aibu kwa ajili ya Baba, kama unavyoona aibu mzazi wako akikaribisha wageni kwenye nyumba isiyo na viti.

Sasa mwuza miche akiona mahali patupu afanye nini? Mvua zilipoanza nilichagua miche yangu bora, ile niliyokuwa nimeitenga kwa wateja wakubwa, nikaichimbia mashimo, nikatia samadi, nikaipanda. Safu kumi na mbili, ishirini kila safu. Nilifanya kazi hiyo siku tisa, peke yangu, nikiimba. Amana sikuwaambia. Kila mwaka mwezi wa tano hutuma mkaguzi, na nilitaka akija akute zawadi. Kuuliza si ujinga, tumeambiwa tangu utotoni, lakini nani anaomba ruhusa ya kupanda mti? Kila ukuta wa mji umeandikwa panda mti. Hata risiti za duka la dawa zimeandikwa panda mti.

Mvua zikakatika mapema. Ndipo kaka akaja na madumu.

Alikuja siku ile, akaja kesho yake, akaja kila jioni baada ya kufunga duka. Bomba la karibu lilikuwa kwenye ghala la saruji, na mlinzi wa pale alikuwa mteja wake wa suruali, kwa hiyo maji hayakuwa tabu. Tabu ilikuwa kuyabeba. Nilimwona akilemewa, bega moja limeinama, nikamwambia tushike zamu. Akakubali. Tukawa tunakutana kati ya safu kama watu wanaofanya kazi ofisi moja, yeye anatoka mti wa kwanza, mimi natoka wa ishirini, na tukifika katikati tunapumzika bila kusema mengi. Kabla ya hapo hatukuwa tumekaa pamoja bila kugombana tangu mazishi.

Ningekuwa mwongo nikisema sikufurahi. Nilifurahi mpaka nikaogopa. Nilitaka kumwuliza kilichombadilisha, nikajizuia, kama mtu aliyeona ndege ametua karibu naye hataki hata kukohoa. Kitu kimoja tu kilinishangaza. Jioni moja ya mwezi wa tatu nilimkuta amejikunja mbele ya mti, futi yake ya kupimia nguo ameinyoosha kutoka udongoni hadi kwenye kilele. Pembeni daftari la vipimo, lile lile la wateja. Nilichungulia. Chini ya *Mwalimu, suruali ya kijivu, kiuno 34* kulikuwa na *Safu ya 3, wa 7, urefu 29*, halafu *Safu ya 3, wa 8, urefu 31, hana kiuno*.

"Unaipima ya nini?" nikamuuliza.

"Mimi ni fundi. Fundi asiyepima ni nani?"

Nikacheka. Nilicheka sana hata sikuona kwamba sijajibiwa.

Kulikuwa na mti mmoja uliodumaa, safu ya tatu, wa mwisho kabisa. Wenzake walipofika inchi thelathini, wenyewe ulikuwa kumi na sita. Mimi ningeung'oa nikaziba pengo. Kitaluni hakuna huruma kwa mche uliodumaa, unakula samadi ya wenzake. Kaka alikataa. Aliujengea kizuizi cha mawe upande wa upepo, akawa anaupa maji mara mbili. Nilimsikia siku moja akiuambia, kwa sauti ile anayotumia kwa mteja aliyeleta kitambaa kifupi, "Tutaona la kufanya. Usiwe na wasiwasi."

Mwezi wa tano mkaguzi akaja. Alikuwa mama mfupi aliyekaribia kustaafu, buti za mpira zinazotosha mtoto, darubini shingoni, faili kwapani. Kazi yake ilikuwa rahisi kuieleza: kila mwaka alisimama kwenye vigingi vile vile vinne, akatazama upande ule ule, akapiga picha ile ile, akailinganisha na ya mwaka wa kwanza. Nilimpokea barabarani, moyo unanidunda kama bibi harusi. Tukafika kigingi cha kwanza. Alitoa picha ya zamani, akaitazama, akainua macho.

"Binti, hii ndiyo ardhi ya fundi?"

"Ndiyo, mama."

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi!" nikasema, na nakumbuka kwamba nilifungua mikono.

Yule mama akakaa chini. Hakutafuta jiwe wala kigoda, alikaa pale pale kwenye nyasi, faili mapajani, akavua miwani akaifuta kwa upindo wa shati.

"Mwaka jana nilihesabu viota thelathini na kimoja hapa," akasema. "Kuna ndege wadogo wa kahawia, sisi tunawaita wataga-chini. Wanataga ardhini, kwenye nyasi. Hawahitaji kingine. Lakini wakiona kitu kimesimama wanahama, kwa sababu palipo na cha kukalia, mwewe atakuja kukaa."

"Mama, hii ni miti."

"Naona ni miti, mwanangu. Mizuri kabisa. Ungeipanda nyumbani kwangu ningekupikia."

"Kwa hiyo miti inaharibu mazingira?"

"Hapa, ndiyo."

Nilihisi kama mtu aliyeambiwa kwamba maji yanachoma. Nikauliza tena kwa maneno mengine, akajibu yale yale, kwa upole ule ule, na upole wake ulinichanganya zaidi. Angenifokea ningepata pa kushika. Akafungua faili, akanionyesha. Mkataba ulisema pabaki nyasi, pasiwe na kitu kinachosimama juu ya nyasi. Tulikuwa na siku sitini kuurudisha uwanda ulivyokuwa. Siku ya sitini angekuja na fomu, na sisi warithi wawili tungetia saini upya, wote.

"Na tusipofanya?"

"Miti ikiachwa ikapita kimo cha mtu, kipengele cha kumi na moja kinampa mrithi nafasi ya kwenda mahakamani aseme uwanda haupo tena, ahadi imekufa. Akishinda, anajenga. Na sisi tuna mwanasheria mmoja, anakuja Jumanne tu." Akanitazama. "Kaka yako hakukwambia? Alikuja ofisini mwezi wa kwanza akaomba nakala. Alikaa pale akasoma ukurasa kwa ukurasa. Mtu mtaratibu sana."

Kimo cha mtu. Inchi ishirini na tisa, inchi thelathini na moja. Ilinichukua muda kuunganisha, kama unavyotafuta tundu la sindano kwenye giza, mpaka uzi ukapita. Kikulacho ki nguoni mwako. Watoto wa fundi nguo tulitakiwa kuijua methali hiyo kuliko watu wote.

Nilikwenda dukani moja kwa moja. Alikuwa kwenye cherehani, mguu unakanyaga, kitambaa cha bluu kinapita chini ya sindano. Hakusimama.

"Ulijua," nikasema.

"Nilijua."

"Tangu dumu la kwanza."

"Tangu kabla yake."

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo. Nilikuwa na majibu ya uongo tayari, kumi na mawili kwa uchache. Ukweli uliniacha nimesimama katikati ya duka mikono mitupu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeing'oa." Aligeuza kitambaa. "Na usiniangalie hivyo. Sikupanda mimi. Umepanda wewe mlinzi wa Baba, mimi nimemwagilia tu. Nina watoto wanne wanalala kama dagaa kwenye kopo, wewe unaniimbia hewa. Nilisema basi, kama mwenyewe ameamua kuniwekea ngazi, mimi nani nisipande?"

"Kwa hiyo siku zote ulikuwa unamwagilia nyumba yako."

Mguu ukasimama. Cherehani ikanyamaza, nikasikia pikipiki ikipita barabarani.

"Mwanzo, ndiyo," akasema.

"Na sasa?"

"Sasa sijui. Usiniulize ya sasa." Akapitisha kidole kwenye ukingo wa meza, juu ya vipande vya uzi. "Tangu mwezi wa tatu sijanunua dawa ya kichwa. Unajua nilivyokuwa naumwa kichwa mimi. Sasa jioni nakaa pale, nawaangalia wale… naiangalia ile miti, kichwa kinatulia. Ule wa mwisho wa safu ya tatu umefika inchi ishirini na mbili. Wiki hii tu."

Nilitaka kumpiga, na nilitaka kumkumbatia. Nikatoka.

Siku nyingi sikugusa jembe. Nilikuwa kama mtu aliyefika njia panda akakuta kibao kimegeuzwa na upepo. Kama nikiing'oa, nang'oa nyumba ya watoto wa kaka, nawarudisha kwenye vile vyumba viwili kwa mikono yangu. Kama nikiiacha, nimemsaliti Baba kwa zawadi niliyomletea. Na Baba mwenyewe alitaka nini? Hawa ndege hakuwahi kuwataja. Nilimkumbuka akiwa na kigoda chake, mgongo kwetu, na sikukumbuka hata siku moja ameelekeza kidole kwenye chochote. Nilimlaumu. Nilisimama uwandani nikamlaumu kwa sauti: kwa nini hukusema, mzee, ulikuwa na mdomo.

Mwishoni nilianza kuing'oa, na sitajipamba kwamba nilikuwa nimeelewa. Nilianza kwa sababu Baba alikuwa ameahidi na hayupo tena kujitetea. Nilichimba kila mti na udongo wake, nikaurudisha kwenye kiriba, kifuko chake cha plastiki, kama ulivyotoka kitaluni. Kazi ya kupanda ilikuwa siku tisa, ya kung'oa ikawa ishirini na moja. Kaka hakuja. Siku ya kumi na tano akatokea na madumu mawili yamejaa, akasimama kwenye safu ambayo haipo.

"Miguu imezoea," akasema. Akayaweka chini, akachukua sepeto. Alichimba vibaya, anakata mizizi, nikamwonyesha pa kuanzia, akarekebisha. Kila tulipotoa mti mmoja nilimtupia jicho nikitafuta hasira au huzuni, nikaona uso wa fundi anayefumua mshono. Sikujua anafumua ili ashone nini. Ukabaki mmoja, ule wa safu ya tatu.

"Huyu mmoja tu," akasema. "Huyu hatafika kimo cha mtu hata kwa miaka kumi."

Sikuwa na moyo wa kumkatalia. Siku ya sitini mkaguzi alipokuja, uwanda ulikuwa na mashimo mia mbili thelathini na tisa yaliyofukiwa, na mti mmoja.

Aliutazama kwa darubini, ingawa tulikuwa hatua ishirini tu kutoka pale.

"Mama," nikaanza, "tulifikiri, mmoja…"

"Mwewe hahitaji miwili," akasema.

Akatandika fomu juu ya faili lake. Mimi nilitia saini kwanza. Kaka akachukua kalamu, akaishika juu ya karatasi, asiandike. Niliona kidole chake cha shahada, chenye alama ndogo ndogo za sindano. Alikuwa na haki ya kuirudisha kalamu. Nusu ya uwanda ilikuwa yake, na bila saini yake Amana wangelazimika kwenda mahakamani na yule mwanasheria wao wa Jumanne. Nilijua hilo, mkaguzi alijua, na kaka, aliyesoma ukurasa kwa ukurasa, alijua kutushinda sote.

"Baba aliandika sababu gani?" akauliza. "Niliona kuna sehemu ya sababu. Kwenye nakala niliyopewa hakukuwa na kitu, nikadhani mmeificha."

Mkaguzi akatafuta ndani ya faili akatoa karatasi yenyewe, ya asili. Tukainama wote watatu. Jina la Baba, mwandiko wake uliolala kulia, tarehe, saini. Kwenye kisanduku cha sababu hakukuwa na hata nukta.

"Nilimwambia ajaze," mkaguzi akasema. "Alikaa nusu saa ameshika kalamu. Akaniambia, mama, kila nikiandika naona ni uongo."

Sitaki kudanganya mtu: watoto wa kaka walikulia vile vyumba viwili, wa kwanza ameolewa kutoka humo humo, na mke wake mpaka leo akiniona huniamkia kwa nusu mdomo. Hayo yote yalikuwa mbele yake pale, na nadhani aliyaona. Kilichopita kichwani mwake sikukijua wakati ule na sasa sikijui. Aliweka kalamu mfukoni, akaenda kwenye mti wake, akapiga magoti, akaondoa mawe ya kizuizi moja moja. Alichimba kwa mikono. Alikuwa amejifunza, hakukata mzizi hata mmoja. Aliubeba na bonge la udongo kifuani, akanikabidhi mimi, akatoa kalamu, akatia saini kwa vidole vyake vyenye tope, na karatasi ikachafuka pale chini ya jina lake.

Mkaguzi akaenda kigingi cha kwanza kupiga picha yake. Mimi nikabaki nimeukumbatia mti, nangojea kaka aseme neno, la kulaumu au la kusamehe, lolote nitakaloweza kulijibu. Alikuwa amenipa mgongo. Miezi minne alikuwa amekuja pale kila jioni akiinamia mti mmoja baada ya mwingine, macho chini, na sasa hapakuwa na cha kuinamia. Nyasi zilikwenda mpaka mwisho wake, na baada yake mbingu ikaanza.

"Mdogo wangu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepotea. "Mbona hukuniambia kama pakubwa hivi?"

Mimi mwenyewe ndiyo kwanza nilikuwa napaona.